Mstari Mmoja, Kifo Kimoja

Nchi ile ilikuwa bahari kabla ya kuwa nchi, na bahari haikusahau. Kila asubuhi maji yalipanda kimya kimya kwenye mitaro, yakachungulia mashamba kama mtu anayechungulia nyumba aliyowahi kuishi, na kila asubuhi vinu vya upepo viliyasukuma yakarudi nyuma ya ukuta. Somoe aliifahamu nchi hiyo kabla hajafika. Aliisoma kidato cha tatu, katika kitabu cha jiografia chenye jalada lililochanika, kurasa nne na ramani moja: Uholanzi, jinsi watu walivyoizungushia bahari ukuta, wakaikausha, wakalima palipokuwa na samaki. Mwalimu aliwakaririsha hatua zake zote, na Somoe akazishika, akafaulu. Lakini jinsi alivyotoka kwenye dawati lile akajikuta ndani ya ramani, ameolewa, ana kanga kichwani na buti za mpira miguuni, hilo hakuweza kulieleza. Huko miaka haikufuatana. Ililala ubavu kwa ubavu kama mashamba, na kati ya mwaka na mwaka palikuwa na mtaro mwembamba ambao mtu angeweza kuuruka asijue.

Aliruka mmoja, akaolewa na Machano. Akaruka mwingine, Machano akafa.

Nchi iliyotengenezwa kwa mikono haiamini kitu kisichoandikwa. Mahali pengine mti huota, watu wakauona, basi. Kule, mti ulioota bila karatasi ulikuwa uvumi. Ng'ombe, bata, kabichi, kisima, mzinga wa nyuki, kila kimoja kilikuwa na mstari wake katika daftari la Wizara. Wizara yenyewe ilikuwa moja, ila ilipewa kazi tatu ambazo hazikupendana: imsaidie mkulima azalishe, iulinde mwitu usiguswe, na ihakikishe kinachofika mezani hakimdhuru mlaji. Watu waliiita Wizara ya Shamba, Mwitu na Sahani. Wengine, wakishachoka kungoja, waliiita Yule. Yule kasema hivi. Yule kakataa.

Machano alikuwa na ng'ombe mmoja, Madoa, mweusi kwa mweupe, mwenye hereni ya njano ya Wizara sikioni. Daftarini waliandikwa mstari mmoja: kushoto mwenye mali, kulia mali. Machano alilipenda jambo hilo. Alisema hata cheti cha ndoa hakikumweka karibu na Somoe namna ile, maana kati ya majina yao kadhi aligonga muhuri mkubwa. Alisema hivyo akicheka, na Somoe akamnunia kutwa nzima. Siku nyingi za furaha zimemtoka kichwani, lakini mnuno ule anaukumbuka, na nguo aliyovaa, na namna Machano alivyokuwa akipitapita mlangoni akijifanya anatafuta ndoo.

Asubuhi aliyokufa Machano, Somoe alimkuta zizini, amelala ubavu juu ya nyasi kavu, na Madoa amesimama anampumulia usoni. Waliomsaidia kuzika walikuwa wapita njia. Walishika majembe, wakaomba dua, wakaenda zao kabla hajawauliza majina. Ikabaki fomu ya Wizara ya taarifa ya kifo. Ilikuwa na nafasi ya mistari miwili, na juu yake maneno: Eleza kwa ufupi. Somoe akaandika: "Machano alikuwa zizini na Madoa. Nilipokwenda nikakuta amekufa." Akaitia sandukuni, akiamini ameandika jambo lililo wazi kuliko yote duniani.

Lakini lugha yake humpa mnyama kiti kimoja na mtu. Mti umekufa, ua limekufa, ila mtu amekufa na ng'ombe amekufa, na ukisikia neno hilo peke yake hujui uangalie kaburi au ngozi. Siku ya tatu, au mwaka wa tatu, barua ikaja. Bahasha ilikuwa na jina la Machano. Ndani iliandikwa: "Bwana Machano, tumepokea taarifa ya kifo cha ng'ombe wako na tumekiingiza daftarini. Tunakutakia afya njema."

Alipaswa kwenda siku ileile kurekebisha. Hakwenda. Barua nyingine ikaja, ikimkumbusha Machano kusafisha mtaro wa mashariki. Nyingine ikamwonya asifyeke nyasi kabla makinda ya ndege hayajaruka. Nyingine ikamweleza namna ya kuosha madebe. Zote ziliishia kwenye afya njema, na Somoe akazoea kuzisoma kwa sauti akiwa jikoni. Aliona kwamba kuna mahali pamoja chini ya mbingu ambapo Machano bado anaamka, anavaa buti, anatazamiwa afanye hiki na asifanye kile. Mahali hapo palikuwa karatasi tu, ndani ya ofisi. Wafu wengine hawana hata hapo. Na nani aliwahi kuuona uhai unapokaa? Kama unakaa kwenye pumzi, pumzi ya jana imekwenda na mwenyewe yupo. Kama unakaa kwenye jina, jina la Machano lilikuwa linafika kila wiki, limeandikwa vizuri, lina stempu. Alijiuliza hayo akiwa anakamua. Madoa, kwa upande wake, alikula, akacheua, akatoa maziwa, asijue kwamba yeye ni marehemu.

Kisha ikaja barua fupi. "Mzoga hauruhusiwi kukaa shambani. Gari la mizoga litafika leo baada ya adhuhuri. Mzoga uwe getini." Somoe akatafuta tarehe kwenye karatasi asiione. Katika nchi ambayo miaka imelala ubavu kwa ubavu, neno leo lilitosha. Akatoka zizini, akamwona Madoa amesimama kwenye jua, mkia unafukuza nzi. Watamchukua akiwa amesimama, akafikiri. Wataandika mzoga umesimama, na itakuwa sawa.

Akafunga kanga vizuri, akaenda kwa Yule.

Foleni ilianzia nje, ikazunguka jengo, ikaingia kwa mlango wa nyuma. Mbele yake alikaa bibi mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, amepakata kikapu. Somoe akamwamkia, bibi akaitikia, akasema anaitwa Mize na amekuja kuandikisha mayai kumi na mawili. Alipofika mlangoni mara ya kwanza mayai yalikuwa yameanguliwa, akaambiwa arudi nyuma, kwenye foleni ya vifaranga. Akiwa kwenye foleni ya vifaranga vikakua. Akahamia foleni ya kuku, na hapo kuku wakataga. "Sasa nina mayai tena," akasema, "nimerudi nilikoanzia, ila magoti ndiyo hayakurudi." Walio karibu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokwisha kukisikia kisa hicho. Somoe akamweleza lililomleta. Bi Mize alimpisha mbele yake, na aliyekuwa mbele ya Bi Mize naye akampisha, kwa kuwa wote walijua gari la mizoga halina foleni.

Ndani mlikuwa na madirisha matatu na karani mmoja. Aliitwa Faki, mtu mwembamba mwenye macho ya aliyekosa usingizi. Kwenye dirisha la Shamba alivaa koti la kahawia. Alimsikiliza Somoe hadi mwisho, akafungua daftari, akasema taarifa ile haina kasoro, tena ilisifiwa, kwa sababu ng'ombe wamezidi nchini na kila anayekufa bila kulazimishwa anaipunguzia Wizara lawama. Somoe akasema huyu hakufa. Faki akajibu kwamba ng'ombe ambaye hakufa ni suala la Mwitu. Akainama chini ya meza, akaibukia dirisha la pili akiwa na koti la kijani.

Pale hakumtambua. Alimkaribisha upya, akamsikiliza upya. Kisha akamwonyesha kinamasi kilichokuwa nje, kimetanda maua madogo ya zambarau. Akaeleza kwamba mkojo wa ng'ombe hutoa hewa, na hewa hiyo huenda ikashuka juu ya kinamasi, ikanenepesha majani, nayo majani yakayanyonga maua. Somoe aliijua hewa hiyo. Amonia, kidato cha pili, alama ya vema. Faki akasema tangu Madoa afe maua yamerudi, na kumfufua itakuwa kuyaua. Somoe akamwambia kuwa Madoa amekuwa akikojoa siku zote hizo. Karani akayatazama maua, akalitazama daftari, akanong'ona kwamba basi maua nayo yamelisoma.

Kwenye dirisha la tatu alivaa koti jeupe na swali lake lilikuwa moja: nani amekunywa maziwa? Somoe akasema yeye, kila siku, na mengine aligawia majirani. Faki akarudi hatua mbili nyuma.

"Maziwa ya maiti hayana daraja, Bi Somoe," akasema. "Siyo mabaya, siyo mazuri. Hayapo. Na wewe umeyanywa."

"Mbona yalikuwa na utamu?"

"Hilo sasa sijui niliandike wapi."

Ndipo ukaanza ugomvi. Koti la kahawia lilitaka ng'ombe arudishwe kwa heshima ya mfugaji. Koti la kijani likapinga. Koti jeupe likataka maziwa yamwagwe kwanza, tangu yale ya siku ya kwanza. Yote hayo alikuwa Faki, akikimbia dirisha hadi dirisha, akifungua bahasha alizojiandikia mwenyewe, akijijibu kwa hasira, akigonga mihuri ya kujikataa. Kila alipofika alikuta amekwisha kuondoka. Somoe akasimama katikati, barua ya gari mkononi, na badala ya kumkasirikia akamwonea huruma. Aliona jasho likipita kola ya kila koti. Mtu huyu alipewa mpenzi mmoja anayelima, mmoja anayeota na mmoja anayekula, akaambiwa awapende sawasawa, na ole wake mmoja akilia. Labda na bahari ilipoondolewa hapa iliulizwa hivyohivyo: unataka kuwa nini? Ikashindwa kujibu, ikafukuzwa.

Mwishowe Faki akachoka. Akavua koti la kahawia, la kijani, jeupe, akayaweka sakafuni, akabaki na fulana yenye tundu begani. Akavuta kigoda, akakaa kati ya dirisha na dirisha, mahali pasipo na kazi yoyote.

"Bi Somoe," akasema, na safari hii alimtambua. "Nani alikwambia uandike amekufa?"

"Hakuna. Ndivyo ilivyokuwa."

"Mtu hufariki. Ng'ombe hufa. Tuliliona neno tukalifuata. Ungeandika amefariki, nani angekosea?"

Somoe alilijua hilo. Hakuna asiyelijua. Hata mtu aliyechukiwa na mtaa mzima, siku yake ikifika, watu humtolea neno hilo kama wanavyomtolea sanda. Kwa Machano, kalamu ilikuwa mkononi na neno lilikuwa ulimini, na hakuliandika. Kufa aliliweza. Kufa ni kitu kinachompata mtu, kama mvua inavyompata, na aliyenyeshewa bado ni wako. Lakini kufariki ni kuachana, ni neno la wanaofika njia panda kila mmoja akashika yake. Nani alimfariki nani? Hawakuagana. Hawakugombana. Alikwenda kukamua tu. Kuandika neno lile ilikuwa kukubali kwamba Machano alimgeukia, akamtazama, akaondoka. Ndiyo maana akachagua neno la ng'ombe, na neno likaenda kwa mwenyewe.

Faki akamweleza kanuni. Kifo kikiingia daftarini hakifutwi. Kila mstari huchukua kifo kimoja, na wa kwao ulikwisha kuchukua. Anachoweza ni kukivusha, kutoka kulia kwenda kushoto. Zaidi ya hapo hana uwezo, awe amevaa koti lolote. Na daftari hufungwa adhuhuri.

"Nikivusha, barua zitaacha kuja?"

"Kwa nani, Bi Somoe?"

Alitazama daftari likiwa wazi. Machano kushoto, wino mweusi, hai. Madoa kulia, na mbele yake alama ndogo kama mdudu. Umbali kati yao ulikuwa upana wa kidole gumba.

Nikikivusha, nimemuua. Nani amemuua? Mimi. Kalamu. Hapana, amekwisha kufa. Amekufa zizini. Kwenye karatasi hajafa. Kwenye karatasi leo ana mtaro wa kusafisha. Mwache asafishe. Na Madoa? Madoa hajui kusoma. Asiyejua kusoma anakufaje kwa maandishi? Kwa kamba. Kwa gari. Huyo atakufa kweli, mara moja, atalia. Machano hatalia. Ukimwacha hapa, Machano atakaa tu na afya njema, na afya njema, na afya njema, nami nitamsomea jikoni na zizi liko tupu. Madoa alimpumulia usoni. Alikuwa anampa pumzi. Nilipofika alikuwa bado anampa.

Bi Mize alikuwa amefika mlangoni na ndoo yake. Bila kunyanyua macho kutoka kwenye kikapu, aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, huyo wa kwenye bahasha anakula nini siku hizi.

"Hali," Somoe akasema.

"Na yule mwingine?"

"Nyasi."

Bibi akageuza yai moja, upande wa baridi ukawa juu.

Somoe akaomba kalamu. Faki akampa, akamgeuzia daftari. Mkono ulikuwa mzito kama umetoka majini. Aliandika jina la mumewe kwanza, alivyofundishwa shuleni kuanza sentensi, kisha akasimama sana, hata foleni ikaacha kukohoa. Ndipo akaandika: amefariki. Herufi nane zikafuata baada ya ya kwanza, na hakuna iliyokataa. Alama iliyokuwa mbele ya Madoa ikatembea karatasini, taratibu, kama mdudu kweli, ikavuka upana wa kidole gumba, ikatua.

Faki akauliza nani aandikwe mwenye mali. Somoe akataja jina lake. Karani akaliandika juu kidogo ya la Machano, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, akagonga muhuri mmoja tu, akampa nakala ya mstari huo. Kwenye trei ya barua za kutoka palikuwa na bahasha iliyokwisha kufungwa, jina la Machano juu yake. Faki akaitoa, akaiweka pembeni. Somoe akaiomba. Akasema hata akikataliwa, asomewe tu. Faki akaipasua, akasoma kwa macho, kisha akamwambia ilikuwa inahusu ndege. Msimu wa makinda umekwisha na sasa Bwana Machano anaruhusiwa kufyeka.

"Na mwisho wake?"

"Kama kawaida," Faki akasema. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lililokuwa sakafuni. Somoe hakuona ni koti lipi.

Alirudi nyumbani akikimbia, akaruka mitaro asijali ni miaka gani. Gari la mizoga lilikuwa limekwisha kufika. Lilisimama getini likinguruma, mlango wa nyuma umeshushwa hadi chini, na dereva, mwanamume mzito mwenye glavu ndefu, alikuwa amemfunga Madoa kamba shingoni. Ng'ombe alikuwa ametanua miguu minne na kukataa. Dereva hakuwa akimpiga. Alikuwa akivuta kidogo, akiachia, akiitazama karatasi yake, akivuta tena.

"Mimi naitwa Kombo," akamwambia Somoe, kama anajitetea. "Nimeambiwa mzoga, mama. Huyu ananitazama."

Somoe akampa karatasi mpya. Pumzi zilikuwa zimemwishia, asingeweza kueleza. Kombo akavua glavu ili aishike. Alisoma midomo ikimtembea, mstari mzima, kulia hadi kushoto, kisha kushoto hadi kulia. Akaifungua kamba shingoni mwa Madoa. Ng'ombe akatikisa kichwa, akaenda hatua tatu, akaanza kula majani ya getini. Kombo akasoma tena. Alipoinua uso, ulikuwa umebadilika.

"Kumbe ni mzee aliyefariki."

Somoe akatikisa kichwa kuwa ndiyo.

"Pole, mama."

Hakuna aliyewahi kumwambia. Majirani walisoma ubao wa Wizara na ubao ulisema Machano yu mzima, kwa hiyo walimpitia uani wakaomba maziwa na kumtuma amsalimie. Wapita njia waliozika hawakuwa wamemjua. Tangu asubuhi ile, neno hilo dogo ambalo watu hupeana hata kwa kujikwaa lilikuwa halijamfikia. Na jibu lake linajulikana, halihitaji akili: mtu akiambiwa pole husema nimeshapoa, kila mmoja akaendelea na njia yake. Somoe akafungua kinywa ajibu hivyo.

"Bado," akasema.

Akakaa chini palepale getini, juu ya udongo uliokuwa bahari. Kombo alisimama kitambo, hajui mikono aiweke wapi. Kisha akaenda garini, akazima injini, akarudi kukaa naye.